Likizo Kubwa na Wadogo Wetu: Namna Tunavyopanga Johannesburg



Tangu mmoja wenu alipotuona kwenye foleni ya pasipoti pamoja na watoto, maswali hayajakoma. Wengine munauliza kwa furaha. Wengine munauliza na lile jicho tunalolijua: mwalimu na Johannesburg, makuta yametoka wapi? Tumeona ni afadhali tuwajibu wote mara moja hapa, tena kabla ya safari, kwa maana mtu akisharudi anapenda kusema kwamba kila kitu alikijua tangu mwanzo.

Ni kweli. Likizo kubwa hii, Mungu akipenda, tunapeleka watoto wetu wawili Afrika ya Kusini. Yaya ana miaka minne na nusu. Mdogo atakuwa na miezi 22. Tutakaa siku 12, na siku moja kati ya hizo tumeiweka kwa ajili ya Gold Reef City, ile bustani kubwa ya michezo upande wa kusini wa mji wa Johannesburg. Siku hiyo moja imetuumiza kichwa kuliko zile 11 nyingine zote pamoja.

Tuanze na makuta, kwa sababu mshahara wa mwalimu munaujua kama munavyojua bei ya unga. Nyumbani kwetu kuna mwalimu mmoja na fundi wa motokari mmoja. Tuko katika likelemba ya walimu. Zamu yetu ya mwaka jana hatukuigusa hata franka moja, na zamu ya mwaka huu imeanguka mwezi huu wa sita. Paa la jikoni linavuja, munalijua, wengine wenu mumekaa chini yake na sahani mkononi. Litavuja msimu mmoja zaidi. Kule Johannesburg hatutalipa hoteli: tutalala kwa shangazi ya watoto, Rosettenville, mtaa wenye Wakongomani wengi, tena hauko mbali na hiyo bustani. Pesa ya mlango wa bustani atalipa Nkambo. Sisi tunalipa ndeke na karatasi. Hiyo ndiyo hesabu yote, hakuna mfuko mwingine uliofichwa.

Mama mmoja wa chama alitushauri tungojee mpaka Mdogo afikishe miaka sita, ili aweze kukumbuka. Ni shauri la akili, na kama sababu ya safari ingekuwa michezo tu, tungelifuata. Yeye hatakumbuka chochote. Mtoto wa umri ule anasahau hata mahali alipoweka kiatu chake cha pili. Lakini kuna mambo mawili yaliyotukataza kungojea.

La kwanza ni ndeke. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 anasafiri juu ya magoti ya mzazi na analipa sehemu ndogo tu ya bei ya tiketi. Akisha kufikisha 2, sharti awe na kiti chake, na bei inapanda sana. Tena hawaangalii siku ya kwenda tu, wanaangalia na siku ya kurudi. Mdogo anafikisha miaka 2 mwezi wa tisa. Mwaka ujao tungelipa viti vinne, na viti vinne hatuna. Kuna wanaotuuliza kwa nini tusipande basi, lililo rahisi zaidi. Tuliliwaza. Basi linavuka Kasumbalesa, linapita Zambia yote, linaingia nchi nyingine tena kabla ya kufika Afrika ya Kusini, siku mbili na zaidi, na foleni za mipaka ambazo wakati mwingine zinaangukia usiku. Wamama wafanyabiashara wanaoifanya safari ile tunawaheshimu. Lakini mtu wa miezi 22, anayelia akifungwa mkanda kwa dakika tano, hatuwezi kumfanyia hivyo, wala kuwafanyia wasafiri wenzake. Ndeke ya moja kwa moja inachukua karibu saa mbili na nusu, na saa ya Johannesburg ni sawa na saa ya Lubumbashi, kwa hiyo usingizi wa watoto hauhami.

Jambo la pili ni Nkambo.

Nkambo ya watoto ana miaka 71. Ni mama wa mmoja wetu na mama mkwe wa mwingine. Ni mwaka wa nne sasa anakaa kwa binti yake kule Johannesburg, na magoti yake hayamruhusu tena safari ndefu. Yaya alimbeba mgongoni, Mdogo hajamgusa hata siku moja. Wanaonana kwenye simu tu, na Mdogo anaamini kabisa kwamba Nkambo anakaa ndani ya simu: juzi tulimkuta akimpa simu kipande cha mkate.

Ni Nkambo aliyeichagua Gold Reef City. Sisi tungeridhika kukaa nyumbani kwa shangazi na kuwaacha watoto wavunje vikombe vyake. Lakini siku moja Nkambo alituambia kwenye simu: "Mlango wa watoto nitalipa mimi. Lakini na mimi nishuke." Hatukuelewa. Kushuka wapi? Ndipo akatueleza.

Mume wake, marehemu baba, alifanya kazi chini ya ardhi Kipushi miaka mingi, mpaka mgodi ule uliposimama mwaka 1993. Kila siku Nkambo alimfungia chakula, kila siku alifua nguo zilizojaa udongo wa kule chini, lakini mahali penyewe hakupaona hata mara moja. Wakati ule mwanamke hakushuka. Walisema akishuka analeta mkosi, au madini yanakimbia. Mwanamke alifika mpaka kwenye mlango wa mgodi, na mara nyingi alifika pale siku ya habari mbaya. Sasa shangazi amemwambia kwamba Gold Reef City wanashusha wageni ndani ya mgodi wa kweli, na kofia ngumu na taa, na wanawake wanashuka kama wanaume. Nkambo akasema kabla ya kufa anataka kuona mume wake alikuwa anakwenda wapi kila asubuhi.

Mmoja wetu, yule aliye mtoto wa marehemu, alibaki na simu mkononi hata baada ya mazungumzo kwisha. Tangu jioni ile hatukuuliza tena kama twende au tusiende. Tulianza kuuliza namna gani.

Kwa wale wasioijua, bustani hiyo imejengwa juu ya shimo namba 14 la Crown Mines, mgodi wa zamani wa dhahabu. Dhahabu ya pale iligunduliwa mwaka 1886, na Johannesburg yenyewe ilianza mwaka huohuo, kwa hiyo ni mkubwa wa Lubumbashi yetu kwa miaka 24. Mgodi ulipokwisha kazi, walijenga pale majumba ya mtindo wa zile siku za kwanza za dhahabu, wakaweka mashine za michezo, na mwaka 1987 wakafungua milango. Sisi watu wa Katanga, tuliozaliwa kati ya mashimo, tulicheka sana. Nani angewaza kwamba mtu atalipa ili ashuke mahali ambapo baba zetu walilipwa ili washuke? Fundi wetu wa motokari anasema siku moja tutaweka tiketi chini ya mlima wetu mweusi hapa mjini na kuuza barafu kando.

Lakini turudi kwa watoto, maana bustani za namna hii hazikutengenezwa kwanza kwa ajili ya mtu wa miezi 22. Kule kuna mashine moja, Anaconda, inayowabeba watu wakiwa wamening'inia chini ya reli, miguu ikiogelea hewani, na kuwageuza kichwa chini. Kuna nyingine, Tower of Terror, inayopandisha watu juu ya mnara na kuwaangusha wima mpaka ndani ya shimo la mgodi. Tuliangalia picha zake kwenye simu, kisha tukaifunga simu.

Hapo ndipo kazi ya kupanga inapoanza. Katika bustani hizo mtoto hapimwi kwa miaka, anapimwa kwa urefu. Mbele ya kila mchezo mkubwa kuna kipimo, na mtumishi anayesimama pale haangalii machozi, haangalii kwamba mumetoka Kongo, anaangalia tu kama kichwa cha mtoto kimefika kwenye alama. Ni kwa usalama wake, kwa sababu chuma kinachomshika mtu ndani ya kile kiti kimetengenezwa kwa mwili mkubwa. Basi pimeni watoto nyumbani kabla ya kulipa chochote, tena bila viatu. Sisi tuliweka alama za chaki kwenye fremu ya mlango. Yaya ana sentimita 103. Mdogo ana 84, kama amekubali kusimama. Kwa urefu huo, zile mashine kubwa zote tumezifuta. Inabaki michezo ya wadogo, ile ya kuzunguka polepole, pamoja na muziki, ngoma za viatu vya mipira walizocheza wachimba migodi, na kutazama tu. Kutazama tu kuna thamani kubwa kwa mtoto, lakini mzazi aliyelipa tiketi anasahau.

Kisha lilikuja swali la kilio. Yaya ni mtu wa haki. Akiona mtoto mwingine anapanda na yeye anakatazwa, atatuuliza sababu, na atauliza mara kumi na tano. Mwalimu wa nyumba yetu alitumia dawa anayotumia katika kalasi ya kwanza: mtoto akiisha kucheza jambo nyumbani, halimshtui tena likija kweli. Tuliweka fimbo ya ufagio katikati ya mlango, kwenye urefu wa sentimita 120. "Mlango huu unataka watu wa 120." Yaya alijaribu, hakufika, akatumwa kwenye mlango wa pili ambao unataka watu wa 100, akapita kwa shangwe. Mtoto wa jirani, mwenye miaka tisa, alipita wote wawili. Mdogo alipita chini ya fimbo zote bila kujua kuna sheria. Tumeucheza mchezo huo jioni nyingi, na sasa ni Yaya mwenyewe anayesimama kama mtumishi na kutukataza sisi kuingia jikoni kwa sababu tumekuwa warefu mno.

Jambo lingine tulilotaka kujua ni hili: watoto wetu wanaweza kutembea na kufurahi kwa muda gani kabla hawajaharibika? Hakuna aliyeweza kutuambia, kwa hiyo tulikwenda kupima. Siku ya posho moja tuliwapeleka Zoo ya Lubumbashi kama vile tungekuwa tayari Johannesburg: saa ileile ya kuamka, mfuko uleule, kigari cha mtoto tulichoazima kwa jirani, na saa mkononi. Tuliingia saa tatu asubuhi. Mpaka saa tano kasoro robo walikuwa watoto wazuri kabisa, watoto wa kupigwa picha. Saa tano na nusu Mdogo alilala chini kwenye changarawe kwa kukataa kigari, na Yaya alisema simba ananuka na yeye anataka bukari. Ajabu ni kwamba kitu kilichompendeza Mdogo kuliko wanyama wote kilikuwa bomba la maji karibu na njia. Alisimama pale dakika 20. Sisi tulikuwa tunamvuta aende kwa nyani, kisha mmoja wetu akasema: hatukulipa bomba, lakini hatukukatazwa bomba. Tukamwacha.

Kwa hiyo sasa tunajua kwamba tuna saa mbili kasoro kidogo, na siku ya Gold Reef City imejengwa juu ya hizo. Tutafika mlango ukifunguliwa. Michezo ya wadogo itakuwa ya kwanza, wangali na nguvu, tena kabla foleni hazijaota mkia. Saa tano na nusu tutakula, hata kama hakuna anayesikia njaa, kwa sababu mtoto akisha kusema ana njaa, mumekwisha kuchelewa. Kisha Mdogo atalala ndani ya kigari mahali penye kivuli na Yaya atakaa kwenye benchi kusikiliza muziki. Saa nane na nusu tunatoka, hata kama tumeona nusu tu. Shangazi amepinga: "Mutalipa siku nzima na kutumia nusu?" Ndiyo, shangazi. Ile nusu ya pili tungelipia kilio.

Na tazameni jambo lililotushangaza tulipoandika ratiba hiyo. Tulimtumia Nkambo ili aone kama magoti yake yataweza. Alijibu kwamba ni ratiba yake yeye: anatembea vizuri saa mbili, anataka kula mapema, kisha lazima akae. Mtu wa miaka 71 na mtu wa miezi 22 wana mwendo mmoja. Tulikuwa tunahesabu benchi na vyoo kwa ajili ya wadogo, kumbe tunahesabu kwa ajili ya mkubwa pia.

Kuhusu tarehe, likizo yetu kubwa inaanza mwanzoni mwa mwezi wa saba, na wengi wanakimbilia juma la kwanza. Sisi hapana. Shule za Afrika ya Kusini nazo ziko katika likizo yao ya baridi kipindi kile, na zinafungua tena baada ya tarehe 20 hivi. Tutangoja watoto wao warudi darasani, kisha tutakwenda siku ya katikati ya juma. Bustani haifunguliwi kila siku ya juma nyakati zote, kwa hiyo shangazi atahakikisha siku yenyewe kabla hatujawavisha watoto viatu.

Mwezi huo ni wa baridi. Munasema na hapa kwetu kuna baridi mwezi wa saba, na ni kweli, lakini Johannesburg iko juu zaidi, karibu mita 1,750, na asubuhi kunaweza kuwa na barafu nyembamba kwenye majani. Saa sita jua linachoma. Tunawavisha watoto nguo mbilimbili na tatutatu za kuvuliwa moja moja: fulana, triko, koti, kofia. Tulizinunua soko la nguo za mitumba mwezi wa nne, wakati ambapo hakuna aliyekuwa anatafuta makoti na bei ilikuwa ya heshima.

Sasa karatasi. Hapa tunawaomba musome polepole, hata ninyi ambao hamuendi popote. Kila mtoto sharti awe na pasipoti yake mwenyewe na viza yake, hata yule anayekaa juu ya magoti. Ili mtoto mdogo apate viza ile, wanataka cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha majina ya wazazi wote wawili, na mzazi mmoja akisafiri bila mwenzake wanataka barua ya ruhusa ya yule aliyebaki. Yote hayo yanasimama juu ya cheti. Katika nchi yetu, tangu sheria ya familia ilipogeuzwa mwaka 2016, mzazi ana siku 90 tangu mtoto azaliwe ili amwandikishe kwenye ofisi ya komini. Siku zile zikipita, inabidi kupita kwa tribunali ili kupata hukumu inayochukua nafasi ya tangazo lile, na huko kuna kwenda na kurudi na makuta. Mwalimu wetu kila mwezi wa tisa anapokea katika kalasi yake watoto wa miaka sita ambao hawana karatasi hata moja inayosema kwamba wamezaliwa. Kama una mtoto wa mwezi mmoja mgongoni ukisoma gazeti hili, nenda komini juma hili. Johannesburg inaweza kungoja.

Karatasi nyingine ni ile kadi ya manjano. Mtu yeyote mwenye zaidi ya mwaka 1 anayetoka Kongo na kuingia Afrika ya Kusini sharti aonyeshe cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano. Mdogo alipata chanjo ile kwenye miezi 9 kama watoto wote, na imeandikwa katika kadi yake ya zahanati, lakini ile kadi ya zahanati siyo cheti cha safari. Ni kitabu kingine, chenye muhuri wake. Mtu akichanjwa leo, cheti kinaanza kuhesabiwa baada ya siku 10, siyo kesho, kwa hiyo musikimbilie chanjo juma la safari. Faida ni kwamba kikishapatikana ni cha maisha yote.

Na malaria. Johannesburg haina malaria, na tulipolisikia hilo tulifurahi, kisha muuguzi mmoja akatuondolea furaha kwa sentensi moja: mbu aliyemuuma mtoto hapa anaweza kumpa homa akiwa kule, juma moja au majuma kadhaa baadaye, na daktari wa kule ambaye haoni malaria kila siku atadhani ni mafua ya baridi. Kwa hiyo mtoto akichemka kule, neno la kwanza kabla ya salamu ni: "Tumetoka Kongo, mumpime malaria." Shangazi ameliandika kwa Kiingereza kwenye karatasi na kulibandika mlangoni mwa chumba tutakacholala. Sisi tutalala chini ya chandarua hapa mpaka usiku wa mwisho, wala hatutaanza likizo ya chandarua mapema.

Juu ya kupotea: bustani kubwa, watu wengi, na Yaya anayefuata muziki popote unapolia. Wote tutavaa kitenge cha rangi moja, ya machungwa, mbaya kidogo lakini inaonekana mbali. Namba ya simu ya shangazi tutaiandika kwa kalamu ndani ya mkono wa kila mtoto, siyo jina lake, kwa maana mtu asiyemjua mtoto hapaswi kumwita kwa jina. Kila asubuhi tutapiga picha moja ya watoto jinsi walivyovaa. Yaya anafundishwa neno moja tu: akituona hatupo, asitembee, asimame pale alipo na aite kwa sauti. Tunalifanyia mazoezi sokoni, na wachuuzi wa mchicha sasa wanamjua vizuri.

Hatujamwambia Yaya tarehe. Anajua tunakwenda kumwona Nkambo, basi. Kwa mtoto wa miaka minne, mwezi mmoja na mwaka mmoja ni kitu kimoja, na tungeulizwa "ni leo?" kila asubuhi mpaka tujute kuzaliwa. Siku saba kabla tutaweka mahindi saba ndani ya kopo, na kila jioni atamtupia kuku punje moja. Kopo likiwa tupu, tunapanda ndeke.

Limebaki jambo moja lisilokwisha kupangwa, nalo ni kushuka mgodini. Watoto hatutawashusha. Giza, kelele, kofia nzito, na Mdogo anayeogopa hata umeme ukikatika: hapana. Kwa hiyo mmoja wetu atabaki juu nao na mwingine atashuka na Nkambo. Tulizungumza usiku mbili. Yule aliye mkwe angependa kushuka pia, kwa sababu kila mwaka anafundisha watoto wa kalasi habari za migodi na yeye mwenyewe hajawahi kuona isipokuwa mashimo ya juu. Lakini shimo hili ni la mtoto na mama yake. Wakiwa chini, juu tutakuwa tunazunguka polepole kwenye farasi wa mbao, au tumesimama mbele ya bomba la maji kama lipo.

Bado hatujui magoti ya Nkambo yatakutana na nini. Shangazi atapita pale juma lijalo kuuliza kama kuna ngazi, ni ngapi, na kama zina mahali pa kushika. Nkambo hakungoja jibu. Kila asubuhi anazunguka nyumba mara tatu na fimbo yake, na viatu vya kufungwa amekwisha kununua. Amesema ngazi zikiwa chini ya 40 atashuka kwa miguu yake, na zikizidi, mtoto wa marehemu ana mgongo.